Aliyetajwa Langoni

Mikate miwili ya kumimina, chupa ya chai ya maziwa, na kopo la samli alilolificha chini ya kanga ili Sinan asianze kumhubiria habari za mafuta na moyo. Huo ndio mzigo wa Bi Mahbouba jioni ile walipotoka Ibra kwenda Izki, huko Oman. Mdogo wake, Kaltham, alikuwa ameanguka bafuni, kavunjika nyonga, katiwa vyuma, na siku hiyo ndiyo karudishwa nyumbani. Mgonjwa haendewi mikono mitupu, si na watu waliolelewa Unguja.

Gari aliliendesha Sinan, mwanawe wa pekee. Mimba nne zilimtoka Mahbouba kabla yake, na pale alipokwishagawa nguo zote za kitoto ndipo kijana akaja. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita na kitambi kidogo, na mama yake bado alimwekea mkono kifuani kila alipofunga breki. Tusizunguke: mama huyu hakuwa na kitu kingine duniani. Mume alikwishamzika. Nyumba yao ya Malindi kule Unguja ilipotea alipokuwa na miaka kumi na moja. Yote hayo aliyameza kwa sababu ya huyu mmoja.

Kiswahili cha Sinan kilikuwa cha kuchekesha. Kiti kwake ni "hii", watoto ni "zangu", na ukimsahihisha anakubali kwa adabu halafu anakosea vilevile. Mahbouba alimcheka kila siku, na kila siku alimshukuru Mungu kwamba angalau anajaribu.

"Mama, leo tapita njia mzuri."

"Njia nzuri."

"Njia nzuri. Ya zamani sana. Mimi naandika hii njia ofisini. Nataka picha moja tu, kabla jua kuzama."

Kazi yake ilikuwa katika ofisi ya mambo ya kale, na miaka miwili ile alikuwa akiandika habari za njia zilizokuwa na wenyewe. Si za Sultani, si za kabila. Njia za mtu na wanawe. Hii ya leo, Aqbat al-Bab, ilichongwa na ukoo mmoja kwa patasi na nyundo. Walipasua mwamba kati ya Samad na Izki, wakapanga ngazi za mawe ngamia wapate kupita, na juu kabisa mlima ulipobana wakajenga lango. Kila aliyepita alilipa kwa kichwa: kipimo cha tende, chumvi, papa mkavu aliyetoka Sur, au reale kwa mwenye nazo. Asiyetaka kulipa alizunguka mlima siku mbili.

"Na wenye njia wenyewe?" Mahbouba akauliza. "Wakijilipa?"

"Wao hapana lipa. Wao wanasimama."

"Wanasimama vipi?"

"Sijui vizuri, Mama. Mzee Musabbah wa Samad ndiyo ameniambia. Kila mtu ya ukoo anakaa langoni, halafu anakuja mwingine. *Noba*."

"Zamu."

"Ee, zamu. Mzee Musabbah kasema nenda magharibi. Magharibi lango inaonekana vizuri."

Hapo Mahbouba alisita. Alikokulia yeye, magharibi watoto huitwa ndani, na hata mtu mzima hendi kusimama kwenye magofu. Lakini Sinan alikuwa amechangamka mno, anapigapiga usukani kwa vidole, na yeye akaona aibu kumharibia furaha yake kwa maneno ya kizee. Picha moja tu, alijiambia.

Lami iliwaacha baada ya Samad. Gari likapanda changarawe, likipinda na kupinda, na kando ya njia yakaanza kuonekana mawe yaliyopangwa kwa mkono, moja juu ya moja, bila udongo. Sinan aliyahesabu kwa sauti. Juu wakalikuta lango: nguzo mbili za mawe, hazina mlango, na ubavuni chumba cha mlinzi kilichoanguka paa. Mbele ya chumba palikuwa na kibaraza cha jiwe.

Kila kitu pale kilikuwa na vumbi, ila kibaraza.

Mahbouba aliliona hilo.

Sinan akashuka na simu yake. Alilipiga picha lango huku, akalipiga kule, akapita katikati ya nguzo akipima kwa hatua. Mama yake alibaki garini, kioo kikiwa wazi vidole vitatu. Jua lilikuwa limebaki ukucha.

Upepo ukakata.

Halafu ikaja harufu. Kahawa... Buni ikikaangwa wakati ule ule, na iliki imetwangwa karibu yake. Mlimani, pasipo nyumba, pasipo moshi, pasipo hata mbuzi. Mahbouba akaanza kusoma Ayatul Kursiyyu. Alifika katikati.

Ngo. Ngo. Ngo.

Fimbo juu ya bati la gari.

"Huud... huud..."

Ndivyo watu wa Oman wanavyoita mlangoni kwa mtu. Ndiyo hodi yetu sisi, haina tofauti, na aliyelelewa na hodi ana jibu moja tu. Jibu hilo halipiti akilini. Linatoka lenyewe, hata usingizini, hata kwa mtu aliyeshikwa na hofu mpaka ulimi umemkauka.

Aligeuka. Dirishani alisimama mzee, kanzu yake rangi ya udongo, macho yake hayapepesi. Mkono mmoja ulikuwa umenyooka kuelekea kwa Sinan, na midomo ikiuliza kitu, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzungumza. Mahbouba hakuyapata maneno. Yeye alikuwa bado na ile hodi masikioni.

"Karibu," akasema. "Karibu, karibu."

"*Qarib?*" mzee akauliza.

Mahbouba akaitikia kwa kichwa, kama unavyomwitikia mgeni.

Mzee akalia. Hakutoa sauti. Machozi yalishuka tu, yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake, naye akahimidi mara tatu, akaiegemeza fimbo yake ubavuni mwa gari na kuondoka. Hakwenda alikokuwa Sinan. Alishuka upande wa bonde, pasipo na njia, mabega yamelegea, kama kibarua aliyemaliza siku yake. Mahbouba alisikiliza nyayo zake. Changarawe haikulia.

"Sinan!"

Kijana alikuwa amekaa kibarazani. Simu ilikuwa chini, kioo juu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitikisa finjani ndogo, kushoto na kulia, vile anavyofanya mtu aliyetosheka na kahawa. Mama akashuka na miguu yake mibovu, akakimbia kama hajakimbia miaka thelathini. Alipofika hapakuwa na finjani. Pumzi ya mwanawe ilinuka iliki.

"Nani kakupa kahawa?"

"Mwenye zamu," akasema Sinan.

Ngeli ilikaa sawa. Matamshi yalikaa sawa. Na hilo ndilo neno la mwisho la Kiswahili alilomwambia mama yake.

Aliendesha mpaka Izki bila kuwasha taa, na gari halikuyumba hata kidogo. Kwa Kaltham, mpwa wake Mahbouba, Aseel, ndiye aliyetoka kuwapokea. Ni binti wa Kaltham, msichana mcheshi, ameolewa mwaka jana na Nizar, mwalimu wa hesabu. Sinan hakuingia. Alijiweka katikati ya mlango, mguu huku na mguu huku wa kizingiti, akamtazama Aseel kama hajapata kumwona.

"*Kam nafar?*" akauliza. Watu wangapi?

Aseel akacheka, naye akamjibu kwa Kiarabu. "Mimi na mama tu, kaka. Nizar anasomesha masomo ya jioni. Kwani leo umekuwa karani wa sensa?"

Sinan akasogea kidogo, akampisha. Akarudi pale pale.

Majirani walikuja kumjulia hali Kaltham. Kila aliyeingia aliulizwa: watu wangapi? *Gharib* au *qarib*? Mgeni au jamaa? Wa kwanza walicheka. Mpaka asubuhi hakuwa amekaa, hakuwa ameegemea, hakuwa amekula, na hakuna aliyecheka tena. Mahbouba alimletea kiti. Akamletea uji. Akamwambia, "Sinan, mwanangu, mimi mama yako," na yeye akamtazama kwa upole na kumuuliza watu wangapi.

Walimpeleka hospitali. Damu nzima, kichwa kizima, moyo mzima. Madaktari walizungumza habari za kazi nyingi na fikra. Kila walipomlaza aliinuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa wodi na miguu iliyovimba mpaka ngozi inang'aa. Siku ya nne muuguzi alimwambia ampishe apite, akamgusa bega.

Alikuwa amekufa kitambo. Amesimama.

Waliomwosha walinong'ona kwamba maiti ni nyepesi, mtu mkubwa vile, na watu wawili wameigeuza kama mkeka. Mahbouba aliposogezwa amuage, aliinama akaweka pua yake kwenye paji la uso la mwanawe, pale alipokuwa akimpiga busu tangu ana siku moja. Hapakuwa na harufu. Hata ya ugonjwa, hata ya sabuni ya maiti. Alinusa tena na tena mpaka wanawake wakamvuta nyuma.

"Si yeye," aliwaambia. "Jamani, huyu si yeye."

Wakamwambia avute subira. Lakini wakongwe wawili wa Izki walitazamana, na mmoja akasema neno ambalo watu wa huko hawapendi kulisema mbele ya wafiwa. *Mughayyab*. Aliyefichwa. Kule Unguja wangesema kachukuliwa, nacho ni kitu kile kile: unazika gogo, na mtu wako yuko mahali anatumikishwa.

Siku ya tatu ya tanga, Mzee Musabbah wa Samad alikuja. Alikuwa mtu wa miaka themanini, mkavu, ana adabu, na aliomba kuzungumza na mama wa marehemu. Wakakaa yeye ukumbini na Mahbouba ndani, mlango uko nusu wazi kati yao. Walizungumza Kiarabu.

"Umm Sinan, nataka kujua ulisema nini pale langoni."

Hakuuliza kama walikwenda. Mahbouba akamweleza yote. Alipofika kwenye neno lile, mzee alimkatiza.

"Ulisema *qarib*."

"Nilisema karibu! Alipiga hodi, nikamwambia karibu. Kwetu hivyo ndivyo anavyoambiwa mtu."

"Sisi *qarib* ni jamaa. Yeye alikuwa anakuuliza yule kijana ni mgeni au jamaa. Ukamwambia jamaa."

Mahbouba alikuwa na neno hilo kinywani tangu ana miaka miwili.

"Mgeni hulipa, akapita," mzee akaendelea. "Jamaa halipi. Jamaa husimama zamu, mpaka aje jamaa mwingine. Wala mtu hajitaji mwenyewe. Hutajwa na mtu wake, kwa kinywa chake. Ndivyo walivyokula kiapo wale wa mwanzo walipochonga mlima, ili asiwepo wa kukimbia kazi. Ikaja barabara ya serikali. Ukoo ukatawanyika, mmoja Kuwait, mmoja Maskati, wengine wakafa. Aliyekuwa langoni hakuja mtu kumpokea."

"Nani aliyekuwa langoni?"

"Baba yangu."

"Na wewe hukwenda kumpokea?"

"Nani angenitaja? Mama alikuwa keshakufa. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikakimbilia pwani. Niliporudi nilimzika, lakini nilijua nazika nini."

Ndipo Mahbouba alipofahamu.

"Wewe ndiye uliyemwambia mwanangu aende magharibi."

"Nimewaambia wengi, Umm Sinan. Miaka sitini. Watalii, wachunguzi, wawindaji. Wote walisema *gharib*, wakapita, hata hawakujua kwamba wameulizwa. Sikudhani kwamba..."

"Ulidhani. Ulidhani kila siku."

Mzee Musabbah hakukataa. Alisema tu kwamba juzi alikwenda kaburini kwa baba yake, na udongo ulikuwa umetitia, na kwa mara ya kwanza katika miaka sitini alisikia kwamba mle ndani yumo mtu. Alikuwa anatabasamu akisema hayo, na machozi yanamtoka. Mahbouba alimchukia kuliko alivyopata kumchukia kiumbe. Akamwambia asimame, atoe pikapu yake, ampeleke Aqbat al-Bab sasa hivi.

Walifika alasiri imelala. Musabbah akakataa kuteremka.

Sinan alikuwa kibarazani. Kanzu ile ile, kitambi kile kile, na ile fimbo mapajani. Mahbouba akamwendea kwa kushika mawe. Alitaka kumkumbatia. Alipofika hatua mbili, fimbo ikanyanyuka, ikakaa kati yao.

"Watu wangapi?" akauliza, kwa Kiarabu.

"Mmoja. Mimi. Sinan, n'nakuja kukaa mimi, wewe nenda nyumbani. Nipe hiyo fimbo."

"Mgeni au jamaa?"

"Jamaa! Mimi jamaa. Mimi nimekuzaa!"

Akamtazama kwa upole ule ule wa mlangoni kwa Kaltham. Harufu yake ilimfikia mama: jasho lake, mafuta yake ya nywele, yote yako hapa.

"Nani anakutaja?"

"Wewe. Nitaje wewe. Sema huyu mama yangu."

"Mimi mwenye zamu," akasema Sinan. "Mwenye zamu hamtaji mtu. Nani anakutaja?"

Mahbouba akageuka akamwita Musabbah. Alimpigia kelele amtaje, aseme tu, neno moja. Mzee kule garini akatikisa kichwa. Yeye si mtu wake, hana damu wala ndoa naye, neno lake lisingeshika. Na kweli Mahbouba hakuwa na mtu. Mume, wazazi, watoto wanne ambao hawakuwahi hata kupewa majina. Wa kumtaja alikuwa mmoja, na ndiye huyo ameshika fimbo. Kaltham hawezi kunyanyuka kitandani, na hata angeweza, angekubali vipi kumuuza dada yake, na Aseel mama yake mkubwa?

"Basi nakaa hapa hapa na wewe," akasema.

"Njia haikaliwi," akasema Sinan. "Pita, bibi. Kweupe bado."

Bibi. Akamwita bibi, kama unavyomwita kikongwe usiyemjua uliyemkuta sokoni.

Miezi ikapita. Mahbouba alirudi mara tisa, na mara tisa aliulizwa watu wangapi. Miguu ya Sinan ilikuwa inapasuka. Midomo inachanika kwa jua. Mara ya nane alimletea maji, yakamwagika kidevuni, hakujua kunywa. Mara ya tisa alimkuta analia vile alivyolia yule mzee, bila sauti, huku anamuuliza mgeni au jamaa. Aliporudi Ibra siku hiyo hakuingia ndani. Alikaa uani mpaka adhana ya magharibi, na alipoinuka alikuwa mtu mwingine, na mwenyewe alilijua hilo.

Aseel na Nizar walikuwa wakija kumtazama kila Ijumaa. Hawakuacha hata wiki moja. Aseel alimpikia, akamkanda miguu, akamwambia, "Mama mkubwa, mimi pia mwanao." Nizar alimrekebishia bomba la jikoni. Alikuwa kijana mwembamba, mtaratibu, anacheka kwa kufunika mdomo. Na Aseel, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kibovu kama cha Sinan, alikuwa na kitu kimoja alichokishika barabara kutoka kwa mama yake. Ukipiga hodi kwake, hata kwa mzaha, alikujibu kabla hujamaliza.

Ijumaa hiyo waliaga mapema, alasiri, wanarudi Izki.

"Msipite barabara kubwa," Mahbouba akasema. Alikuwa anafunga kibao cha mbuzi kwenye gazeti, Aseel alikiomba. "Kuna msongamano. Piteni Samad, halafu mpande Aqbat al-Bab. Ndiyo njia aliyokuwa akiipenda marehemu. Mkifika juu, Nizar ashuke kidogo amsomee Fatiha pale langoni. Wewe Aseel baki garini, kuna mawe."

"Insha Allah, mama mkubwa."

"Nendeni polepole. Mfike magharibi."

Aliyasema yote hayo bila sauti kutetemeka. Aseel akambusu mkono. Gari lilipopinda kwenye kona, Mahbouba angeweza kupiga simu. Simu ilikuwa mfukoni. Aliishika, akaisikia joto, akaifikiria miguu ya Sinan, na akaiacha.

Jumatano Nizar alikufa. Alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao ya kupanga, siku ya tano, na kwa siku tano hizo aliwauliza wapangaji wote wa jengo walikuwa wangapi.

Mahbouba hakwenda Izki kwanza. Kwanza alikwenda makaburini pale Ibra, peke yake. Udongo wa Sinan ulikuwa umetitia, shubiri nzima. Akalala juu yake kifudifudi, bila kujali nani anamtazama, akanusa. Alikuwemo. Jasho lake na mafuta yake ya nywele. Amerudi, amelala, amepumzika. Mama alisubiri furaha. Alilala pale muda mrefu akiisubiri, mpaka mlinzi wa makaburi akaja kumwambia bibi, jua kali.

Nyumba ya Kaltham ilijaa watu. Kaltham alikuwa kitini, fimbo pembeni, macho yamemvimba, na alipomwona dada yake alimnyooshea mikono miwili kama mtoto.

"Dada, Aseel anasema maneno. Hebu zungumza naye, wewe anakusikia. Watu wanaanza kusema kapata wazimu."

Aseel alikuwa chumba cha ndani, yumo edani, kajifunika ushungi mpaka machoni. Wanawake sita walikuwa wamemzunguka.

"Nilimwona Sinan," akasema kwa Kiarabu mara tu Mahbouba alipoingia. "Mama mkubwa, waambie. Alikuja dirishani. Kakonda, midomo yake imepasuka. Akapiga hodi. Kaka yangu anapiga hodi, mimi nitamwambia nini? Nikamwambia karibu. Akalia. Nizar hakumwona, lakini mimi nilimwona, wallahi nilimwona."

Wanawake wakamgeukia Mahbouba. Kaltham naye alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, anasubiri.

"Sinan amekufa, mwanangu," Mahbouba akasema. "Nimemzika mwenyewe. Umeota."

Kaltham akavuta pumzi. Mmoja wa wanawake akaanza kusoma dua ya kumtuliza. Ikaletwa kahawa, wakatoka mmoja mmoja kwenda kuinywa ukumbini, na mwishowe wakabaki wawili, mama mkubwa na mwanawe.

Aseel hakuwa analia tena. Alikuwa anamtazama. Mikono yake ilitoka chini ya ushungi ikamshika Mahbouba vifundo vya mikono, ikakaza.

"Wewe ndiye uliyetuambia tupite kule," akanong'ona. "Ukaniambia nibaki garini."

Mahbouba akainamisha uso.

"Sitamwambia mama. Sitamwambia mtu." Kucha zikamwingia. "Nizar amesimama, mama mkubwa. Najua amesimama. Nieleze tu. Anatolewaje?"

Kutoka ukumbini zilisikika sauti za shemeji zake Aseel, kaka zake Nizar watatu na wake zao, na mtoto mmoja akicheka. Mahbouba alizisikiliza. Alitaka kusema hatolewi. Alikuwa na neno hilo tayari.

Akamwinamia msichana, akaweka mdomo karibu na sikio lake, akamweleza.